Bobini Iliyotangazwa Kufa

Mtetemeko wenyewe ulikuwa mdogo, na abiria asiyelijua gari langu asingeuhisi. Nilisimama kuwapisha waendesha toleka waliokuwa wakikata barabara na baiskeli zao zenye mito ya kukalia abiria, na moteri ilipokuwa ikisubiri, usukani ukaanza kutikisika chini ya viganja vyangu kama mnyama mwenye homa. Kisha taa ya manjano ikapepesa kwenye dashibodi, na harufu ya petroli isiyoungua ikaingia dirishani. Kabla sijafika nyumbani nilikwisha jua kwamba silinda moja kati ya nne ilikuwa imeacha kazi tena. Silinda haikunisumbua sana. Lililonisumbua ni hilo neno "tena".

Fundi aliyekuwa akilitengeneza gari hilo alikuwa ameleta posa kwa mdogo wangu wa kike. Baba yetu alikuwa amekwisha fariki, na kwa kuwa mimi ni kifungua mimba, jibu lilikuwa langu kulitoa. Watu wake, familia ya wavuvi wa Yanonge, walikuwa wametuma ujumbe wenye adabu zote: wangepanda mto na kuja kujitambulisha siku yoyote nitakayoitaja. Sikuwa nimeitaja. Mdogo wangu, ambaye ni muuguzi, huniita Yaya, yaani ndugu mkubwa, na hana desturi ya kubembeleza mtu, hakuniuliza chochote. Aliniwekea sahani ya lituma, ndizi za kupondwa, mezani jioni na kukaa mkabala nami, akinitazama nikila, mpaka chakula kikapoteza ladha.

Mimi hufundisha Kilatini na mantiki. Kila mwaka huwaonya wanafunzi wangu juu ya kosa moja ambalo wanamantiki wa zamani walilipa jina la Kilatini: kudhani kwamba jambo linalokuja baada ya jingine limezaliwa na hilo lililotangulia. Jogoo huwika kabla ya jua kuchomoza, lakini hakuna aliyewahi kumshukuru jogoo kwa mwanga. Nilikuwa nikijirudia onyo hilo, nami nilihitaji kujirudia, kwa sababu ukweli uliokuwa mbele yangu ulikuwa huu: gari langu halikuwahi kutetemeka hata mara moja kabla mtu huyo hajaligusa.

Nilimpelekea kwanza ili abadilishe mafuta ya moteri, kazi ambayo haihitaji kipaji. Garaji yake iko Mangobo, mabati juu ya nguzo na sakafu ya udongo mweusi uliolowa mafuta, nayo ilikuwa na wateja wengi kuliko nilivyotarajia. Alinirudishia gari likiwa limeoshwa nje na ndani. Nilipofungua kapo, kifuniko cha moteri, nikaona kwamba hata moteri ilikuwa imeoshwa kwa mpira wa maji, ikang'aa kama sufuria ya bibi harusi.

"Juu ya nini umeosha na moteri?" nilimuuliza.

"Kwetu, Prof, sufuria ya batu hairudishwe na masizi," akasema. "Ukikopa, unarudisha safi. Gari njo vilevile."

Maneno hayo yalinipendeza, na kwa sababu hiyohiyo yalinitia shaka. Mtu anayemtaka dada yako ana haki ya kuwa mpole kwako. Wewe nawe una haki ya kuupima upole wake. Wiki ile ile gari likatetemeka.

Alilipokea bila mshangao, na hilo pia nililiweka akilini. Aliunganisha skana yake chini ya usukani, akasoma, akanionyesha: silinda ya tatu ilikuwa ikikosa kuwaka. Katika magari ya siku hizi, kila silinda ina bobini yake, kidude cheusi chenye shingo ndefu ya mpira kinachosimama ndani ya kisima chembamba juu ya moteri. Bobini huchukua umeme dhaifu wa betri, huukuza ukawa mkali, na kuutuma chini hadi kwenye buji, ambako huruka kama cheche na kuiwasha petroli. Bobini ikifa, petroli ya silinda ile hutoka bila kuungua, na moteri hutembea kama mtu mwenye mguu mmoja.

"Bobini ya tatu imekufa," akatangaza. Akaifunga mpya, akaosha moteri, na yule marehemu akamfunga ndani ya kipande cha mfuko wa saruji, akanikabidhi.

Hii ni desturi ya mafundi wa mji wetu, nami naiheshimu. Fundi humrudishia mwenye gari kipuri kilichotolewa, kama mchinjaji anavyoonyesha kichwa cha mbuzi, ili asije akasemwa kwamba alitoa kizima na kutia kibovu. Wenye magari nao wana desturi zao: wengine hukaa garajini siku nzima kwenye kiti cha plastiki wasiondoe macho mikononi mwa fundi, na wengine hutia alama vipuri vyao kwa rangi ya kucha. Hakuna anayeona aibu kwa hilo, wala fundi hakasiriki. Mji ambao kila kipuri kimepita mikono mingi, kupitia Bunia au kupanda mto kutoka Kinshasa, hujifunza kutomwamini mtu bila kumchukia.

Muda haukupita mrefu, mtetemeko ukarudi. Safari hii skana ilisema silinda ya pili. Akabadilisha bobini ya pili, akaosha, akanipa maiti mwingine ndani ya karatasi. Na sasa, mbele ya waendesha toleka, ulikuwa umerudi mara ya tatu.

"Ile gari inakutetemesha wewe ao ni wewe unaitetemesha?" mdogo wangu aliniuliza aliponiona nimesimama uani nikiitazama kapo iliyofungwa.

"Ninafikiri."

"Unafikiri juu ya moteri?"

"Juu ya moteri."

"Aka! Yaya, mimi niko muuguzi. Mutu akiniambia kichwa inamuuma na macho yake iko inaangalia ku tumbo, ninajua kwenye inamuuma."

Nilikwenda kuzichukua zile bobini mbili zilizokufa.

Lazima nieleze jinsi jambo hili linavyochunguzwa, kwa maana hukumu yangu yote ilisimama juu yake. Skana hukutajia silinda isiyowaka. Haikwambii kwa nini. Kosa laweza kuwa katika bobini, katika buji, katika sindano inayopuliza petroli, au ndani kabisa ambako mkono haufiki. Kwa hiyo mtu mwangalifu huhamisha: huchukua bobini ya silinda inayolalamika, huiweka katika silinda ya jirani yenye afya, na ya jirani huileta hapa. Kisha huwasha moteri na kusikiliza. Malalamiko yakihama pamoja na bobini, bobini ndiyo mkosaji. Yakibaki pale pale, bobini haina hatia, na mtu atafute kwingine. Ni hoja safi, na wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza wangeweza kuieleza. Hubadilishwa jambo moja tu, na mengine yote huachwa yalivyo.

Nikaacha gari lipoe, nikafungua bolti ya bobini ya kwanza, ambayo ilikuwa nzima, nikaichomoa, na mahali pake nikasimamisha ile iliyotangazwa kufa mara ya kwanza. Nilitarajia silinda ya kwanza inyamaze. Niliwasha. Mtetemeko haukuongezeka; silinda ya kwanza iliwaka vizuri kabisa. Nikatoa, nikatia marehemu wa pili. Naye akafanya kazi kama kijana.

Nilikaa juu ya ngazi ya baraza na bobini hizo mapajani. Fundi alikuwa ametangaza vifo viwili, na marehemu wote wawili walikuwa hai. Sikuona ila tafsiri mbili. Ama hakujua kazi yake, na basi ningemkabidhi mdogo wangu kwa mtu anayezika bila kupima mapigo ya moyo. Ama aliijua vizuri sana, na alikuwa akinifunga kamba ya kurudi kwake kila mara, ili nimzoee, ili siku moja iwe vigumu kumwambia hapana. Tafsiri ya pili ilinitisha zaidi kwa kuwa ilikuwa na akili.

"Muulize," mdogo wangu akasema. Nilikuwa nimemweleza yote, kwa kuwa si haki kumshuku mtu kwa siri mbele ya anayempenda. Alikuwa amesikiliza huku mikono yake imekunjwa, na uso wake ulikuwa umebadilika. "Uko na mudomo, na yeye iko na masikio. Muulize."

"Nikimuuliza atajiandaa."

"Kujiandaa kufanya nini? Kusema kweli?"

"Nataka kuona kabla ya kusikia."

Akasimama. "Bon. Ona. Lakini ukiona mubaya, utaniambia mimi wa kwanza, siyo batu ya Yanonge. Mimi njo nitamukatala, na mudomo yangu." Akaingia ndani, akatoka na kichupa chake cha rangi ya kucha, nyekundu, akakiweka juu ya kapo. "Kwa bobini zako."

Sikutegemea msaada huo, na sikujua kama ulikuwa ni dhihaka. Niliukubali. Nilichomoa bobini zote nne, nikatazama ndani ya kila kisima kwa tochi, nikapangusa kwa kitambaa kikavu kilichofungwa kwenye kijiti hadi kikatoka bila doa. Mtetemeko ulikuwa umekwisha toweka wenyewe, baada ya gari kupumzika siku mbili tatu juani, na hilo pia lilikuwa dalili ambayo sikuwa nimeipa uzito wake. Nikaitia kila bobini tone jekundu mahali asipoweza kuliona mtu asiyelitafuta, nikazirudisha. Kisha nikampelekea fundi gari, nikamwambia breki zinalia. Hazikulia. Nilimpa sababu isiyohusu moteri hata kidogo, ili nijue atafanya nini na moteri isiyomhusu.

Usiku ule mvua kubwa ilinyesha, mvua yetu ya kawaida. Kesho yake alasiri nikaenda kulichukua. Alisema breki hazikuwa na kosa, alisafisha vumbi tu. Gari lilikuwa limeoshwa. Niliendesha mpaka nilipokuwa sionekani kutoka garajini, nikasimama kando ya ukuta wa shule, nikafungua kapo.

Matone manne mekundu yalikuwa mahali pake. Hakuna bobini iliyobadilishwa, na kwa dakika moja sikujua nifanye nini na shaka yangu, kwa kuwa ilikuwa imevaa vizuri na haikuwa na mahali pa kwenda. Kisha nikaichomoa ya tatu. Shingo yake ya mpira ilitoka ikidondosha maji. Nikamulika kisimani: chini kabisa, kuizunguka buji, maji yalikuwa yamesimama, masafi, yakiuakisi mwanga wa tochi kama jicho. Cha pili kilikuwa na maji pia. Vingine viwili vilikuwa vikavu.

Basi huo ndio ulikuwa ugonjwa. Kwanza moteri hutembea vizuri, lakini maji yakipenya polepole ndani ya shingo ya mpira, umeme mkali hauendi tena kwenye buji. Huteleza juu ya mpira uliolowa na kukimbilia chuma, na silinda haiwaki. Bobini haijafa. Imezama tu, na ikikauka hufufuka. Nilichokuwa nimekiona kwenye ngazi ya baraza hakikuwa miujiza wala wizi.

Lakini msomaji asidhani kwamba nilifarijika. Nilikuwa nimejua jinsi. Sikuwa nimejua nia. Mpira wa maji ukielekezwa mahali fulani na mtu asiyejua, na ukielekezwa mahali pale pale na mtu anayejua, huacha maji yale yale. Mtu angeweza kuwaoshea wateja wake moteri kwa tabasamu, na kuwangoja. Hakuna skana ya jambo hilo. Hata kuhamisha hakuwezekani, kwa kuwa moyo wa mtu hauwezi kuchomolewa na kusimamishwa ndani ya kifua cha jirani.

Nikarudi garajini bila kufunga kapo sawasawa. Fundi alikuwa akizungumza na mzee mmoja mwenye teksi, mtu mnene wa Mangobo ambaye sauti yake ilisikika kabla sijazima moteri. Gari la mzee huyo lilikuwa limesimama pembeni, kapo wazi, na mpira wa maji ulikuwa umelala karibu yake tayari kwa kazi.

"Prof! Umesahau kitu?" fundi akaniuliza.

"Njoo uone."

Nikamwonyesha kisima cha tatu. Aliinama, akamulika kwa simu yake, akaingiza kijiti, akakitoa kimelowa. Hapo nikafanya jambo nililokuwa nimeliamua njiani. Nilimfungulia mlango wa kutokea.

"Jana mvua ilikuwa kubwa," nikasema. "Labda imeingia."

Katika mji wetu hakuna udhuru ulio bora kuliko huo. Mvua huchukua madaraja, huozesha nguo sandukuni, huahirisha mazishi. Hakuna mtu aliyewahi kuonekana mwongo kwa kuisingizia mvua. Nilimtolea kwa sauti ya upole, mbele ya mteja mwingine, na angeweza kuipokea kwa kutikisa kichwa tu. Kama angeipokea, jibu langu kwa Yanonge lilikuwa tayari.

Alikitazama kile kijiti kwa muda.

"Ile mara ya kwanza niliona maji," akasema. "Na ile ya pili. Nikapangusa. Na mimi nilisema ni mvula." Akatazama juu kwenye mabati, halafu kwenye kapo. "Lakini gari ililala hapa ndani, Prof. Hapa havuji. Na kapo ilikuwa yakufunga. Mvula itapitia wapi?"

Nilizima tochi yangu.

"Ni mimi," akasema. "Ni kuosha. Ile mipira ya juu ya bobini imezeeka, haizuie tena. Mimi naosha, maji inashuka, kisha mimi nasema bobini imekufa."

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali mengine, yaliyopangwa kwa utaratibu, lakini sikupata nafasi ya kuyauliza. Aliacha mazungumzo yetu katikati, bila kuniomba radhi wala kunitazama usoni, akavuka garaji, akauinua ule mpira wa maji na kuutupa mbali na teksi. Akaanza kufungua bolti za bobini za mzee yule kwa haraka.

"Eh, eh! Unafanya nini mu moteri yangu?" mzee akauliza. "Nilikuja juu ya gurudumu!"

"Papa, ile bobini nilikutolea wiki ilipita, iko wapi?"

"Iko mu nyumba. Batoto banachezea."

"Bakupe. Haikukufa."

"Namna gani haikukufa? Si wewe njo ulitangaza kilio?"

"Nilidanganyika. Nilikuwa naiosha, naiua, kisha nakuuzisha ingine."

Mzee akashika kiuno. Kisha akaanza, na sijawahi kumsikia mtu akitukanwa kwa ustadi namna ile. Alimwita daktari wa makaburi. Alimwita padri anayebatiza mpaka mtoto anakunywa mto wote. Aliuliza, kwa Kiswahili na kisha kwa Kilingala ili pasiwe na jirani aliyekosa, kama ni kweli watu wa mto hawawezi kuona kitu kikavu bila kukitia maji. Watu wa pande zote wakaja kusikiliza. Mwanamke aliyekuwa akiuza kwanga, mikate ya muhogo, akacheka mpaka akaketi. Wateja wawili waliokuwa wakingoja kwenye viti vya plastiki walisimama na kwenda kufungua kapo zao wenyewe.

Nilimtazama fundi wakati huo wote, kwa kuwa ndilo jambo nililokuja kuliona. Aliendelea kufungua. Mara moja tu alisema, "Ndiyo, Papa," kama mtu anayejibu katika misa. Alitoa maji katika kisima kimoja kwa kitambaa, akahamia kingine. Alijua ninamtazama, na alijua mimi ni nani kwake. Sikuona dalili kwamba alilikumbuka hilo. Au alilikumbuka na kuliweka kando, jambo ambalo ni gumu zaidi.

Sikuwa nimeyamaliza mashaka yangu. Hata njiani nikirudi nilijiuliza kama mtu mwerevu sana angeweza kukisia kwamba ninamjaribu, na kuchagua ukweli kama wengine wanavyochagua uongo, kwa hesabu. Nililifikiria hilo kwa uangalifu. Lakini mwerevu angekiri mbele yangu peke yangu. Asingejishtaki kwa mzee wa teksi.

Mdogo wangu alikuwa uani, bado amevaa sare yake ya kazi. Alinitazama usoni kwanza, kisha mikononi.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Mubaya?"

"Alikuwa akiziua mwenyewe, kwa maji, bila kujua. Amesema hivyo mbele ya Mangobo nzima. Atapoteza wateja."

Alifumba macho kidogo. Sikuweza kujua kama ni kwa uchungu au kwa kitu kingine. "Donc?"

"Donc, basi, watu wake waje. Jumamosi ijayo, kama mto unaruhusu."

Hakupiga kelele wala hakunikumbatia. Alichukua simu yake mfukoni, akaitazama, akaishusha tena.

"Na wakubwa bakikuuliza," akasema, "batonton, bajomba wote, bakikuuliza huyu mutu iko namna gani, utabaambia nini? Utabaambia mambo ya maji?"

"Nitawaambia nilimpa uongo mzuri, akaurudisha."

"Hawataelewa."

"Basi nitawaeleza polepole."

"Hapana, Yaya," akasema, na simu ilikuwa tayari sikioni. "Wewe utakaa kimya. Mimi njo nitabaelezea. Ukianza wewe, tutakula saa sita ya usiku." Kisha sauti yake ikabadilika kabisa, ikawa ndogo, akanigeuzia mgongo. "Allô? Uko wapi? Bado garajini? ... Banakutukana bado? ... Bon. Acha bamalize. Kisha telefone kwa mama yako."